Mwacheni Kapteni Mainwaring Asubiri

Kwa miaka miwili nilimtunza mzee mmoja huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Kazi yenyewe Wakenya wengi wa huku wanaijua: kuamsha, kuogesha, dawa, chai, kisha kukaa naye mpaka usingizi umchukue. Ila Jumamosi jioni hakutaka kusikia habari za kulala. BBC Two ilikuwa ikirudia Dad's Army, kichekesho cha zamani cha wazee waliojitolea kuilinda Uingereza wakati wa vita vya pili, na dakika kumi kabla ya saa yenyewe alikuwa tayari kitini, blanketi mapajani, sauti ya runinga juu. Wimbo ukianza, ile ramani ya Ulaya ikitokea, mishale yenye bendera ya Uingereza ikirudi nyuma na mishale ya Wanazi ikiifuata hadi ukingoni mwa bahari, yeye aliimba wote bila kukosa neno.

Mwanzo nilitazama ili kumfurahisha. Baadaye mimi ndiye nikawa namkumbusha saa imefika.

Ndiyo maana filamu ya 2016, iliyotengenezwa kutokana na kipindi hicho, iliniuma. Tuliitazama pamoja kwa DVD aliyoletewa na mjukuu wake. Haikuwa filamu mbaya ya kumfanya mtu azime runinga. Waigizaji wake ni mabingwa na pesa zilitumika. Lakini tulipofika katikati mzee aliniomba chai, na Jumamosi hakuwahi kuomba chai katikati. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichokosekana, na sasa nadhani nakijua.

Kwa asiyekijua kipindi hiki: kilianza Julai 1968 na kumalizika Novemba 1977, jumla vipindi 80. Waliokibuni ni Jimmy Perry na David Croft, na Perry hakuyapata mambo haya kwa kuhadithiwa, kwa sababu akiwa kijana alikuwa ndani ya Home Guard, jeshi la raia wa kujitolea, kule Watford. Tarehe 14 Mei 1940, Wajerumani wakiwa wanaimeza Ufaransa, waziri wa vita Anthony Eden alizungumza redioni akawaomba wanaume wa miaka 17 hadi 65 wajitokeze kulinda mitaa na vijiji vyao. Katika wiki moja walijiandikisha kama 250,000. Kufikia Julai walikaribia milioni moja na nusu. Silaha hazikuwatosha. Watu walipiga gwaride na mipini ya mafagio na bunduki za kuwindia ndege. Mwaka uliofuata serikali ikawatengenezea mikuki, ndiyo, mikuki: singe zilizochomelewa kwenye vipande vya bomba.

Baba yake mzee wangu, mfanyakazi wa shamba, alikuwa mmoja wao. Kitambaa chake cha mkononi chenye herufi LDV (Local Defence Volunteers, yaani walinzi wa kujitolea wa mitaa), jina la kwanza la jeshi lile kabla Churchill hajalibadilisha, kilikuwa bado kimo ndani ya mkebe wa biskuti kabatini. Siku moja alinionyesha. Kitambaa chepesi, uzi umefumuka upande mmoja, na mahali pa pini pana duara la kutu. "Binti," akaniambia, "sare yake ilikuwa hii tu. Wajerumani wangeshuka ufukweni, baba yangu angewaendea amevaa hii."

Hapo ndipo kichekesho kinapokaa. Kikosi cha mji wa kubuni wa Walmington-on-Sea kinaongozwa na Kapteni Mainwaring, meneja wa benki, mfupi, mwenye kujiona, aliyejiteua mwenyewe. Chini yake yuko Sajini Wilson, karani wake mkuu pale benki, aliyezaliwa katika ukoo wa juu kuliko bosi wake, na bosi hawezi kumsamehe kwa hilo. Kuna Jones mwenye bucha, Frazer mwenye duka la majeneza, Walker mlanguzi wa bidhaa za magendo, Godfrey mpole ambaye kila saa anaomba ruhusa aende msalani, na Pike, kijana ambaye mama yake bado anamfunga skafu shingoni. Wanajiandaa kumpokea Hitler. Wanajiandaa tena. Wanagombania ukumbi wa kanisa na kasisi, wanagombana na mkuu wa walinzi wa raia dhidi ya mabomu ya ndege, wanaanguka mtoni. Na karibu kila wiki, adui haji.

Kusubiri ndiko kulikokiendesha kile kipindi. Wanaume ambao wangekufa wote katika saa ya kwanza, na wanalijua hilo, wanakaa wakibishana nani ashike funguo. Unacheka kwa sababu ya ubishi, halafu unakumbuka kwamba walikuwa tayari. Mara moja moja adui huja kweli, kama katika kipindi cha 1973 ambapo wanalinda mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani usiku kucha. Nahodha anaandika majina ya watakaoadhibiwa Wajerumani wakishinda. Pike anaimba wimbo wa kumdhihaki Hitler. Nahodha anamuuliza jina lake. Mainwaring, kwa kumlinda kijana, anapaaza sauti akimwambia asiseme, na hapohapo analitaja jina lenyewe. Waingereza wengi wanakiona ndicho kichekesho kikubwa kuliko vyote vya runinga yao, na sina ugomvi nao. Lakini angalieni kilichopo ukumbini: wafungwa wachache, orodha na penseli. Hakuna risasi iliyopigwa.

Kuna kingine ninachokipenda zaidi, cha 1969. Godfrey anakiri kwamba katika vita vya kwanza alikataa kupigana kwa sababu ya dhamiri yake. Wenzake wanamtenga. Hawakai naye, hawasemi naye. Kisha katika zoezi la kutambaa ndani ya kibanda kilichojaa moshi Mainwaring anazimia, na mzee yule ndiye anayerudi ndani kumtoa. Wanapokwenda kumjulia hali kitandani wanaona picha yake ukutani, yuko katika sare, na nishani ya ushujaa kifuani. Alikuwa mbeba machela kwenye vita vya Somme, huko Ufaransa. Hakuwahi kumwambia mtu. Kilipofika kipindi hicho mzee wangu alikuwa haangalii runinga. Anaangalia mikono yake.

Na aliyemwigiza Godfrey, Arnold Ridley, alikuwa Somme kweli, mwaka 1916. Alichomwa singe kinenani, akapigwa kitako cha bunduki kichwani, na mkono wake wa kushoto haukupona sawasawa maisha yake yote. Vita vya pili vilipokuja alirudi jeshini, akatolewa Boulogne, bandari ya Ufaransa, Mei 1940, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya afya, na hapo akajiunga na Home Guard. Kipindi kilipoanza alikuwa na miaka 72. John Laurie, aliyekuwa Frazer, naye alipigana vita vya kwanza na kuwa Home Guard katika vya pili. Clive Dunn, aliyemwigiza kikongwe Jones akiwa na miaka 48 tu, alitekwa Ugiriki 1941 akakaa mateka miaka minne. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza watu hawa uso wa mtu anayesubiri unakuwaje. Hadhira ya 1968 nayo haikuhitaji kuelezwa. Walikuwa wakijicheka wao wenyewe na baba zao.

Sasa njooni kwenye filamu. Mwongozaji Oliver Parker alipewa kikosi ambacho mwongozaji yeyote angekitamani: Toby Jones kama Mainwaring, Bill Nighy kama Wilson, Tom Courtenay kama Jones, Michael Gambon kama Godfrey. Gambon peke yake angeweza kunitoa machozi kama wangempa dakika mbili za kukaa kimya. Lakini mwandishi aliiweka hadithi mwaka 1944. Kwangu kosa lote linaanzia hapo. Mwaka 1944 Wajerumani hawakuwa tena wa kuvuka bahari kuivamia Uingereza. Majeshi ya Washirika ndiyo yaliyokuwa yakijiandaa kuvuka kwenda upande wao. Home Guard yenyewe ilisimamishwa kazi Desemba mwaka huo. Hofu ya 1940 imeshaondoka, kwa hiyo inabidi itengenezwe hofu nyingine, na filamu inatengeneza jasusi. Anaingia mwandishi wa habari mrembo, Catherine Zeta-Jones, wanaume wote wanachanganyikiwa, idara ya ujasusi inatafuta redio ya siri, na mwisho kuna mapambano ya bunduki ufukweni, na nyambizi.

Adui akafika, kikosi kikashinda, na mimi nikajikuta sina kitu cha kuhofia. Ukimpa Mainwaring ushindi umemnyang'anya ushujaa wake, maana ushujaa wake ulikuwa ule wa kusimama mbele ya jambo asiloweza kulishinda.

Ni haki niseme kwamba hata waigizaji wa asili walishindwa na jambo hilohilo. Filamu yao ya 1971 nayo iliwaleta marubani wa Kijerumani wakateka watu ndani ya ukumbi wa kanisa. Sinema inadai tukio. Mtu amelipa tiketi, amekaa saa moja na nusu gizani, anataka kilele. Kipindi cha nusu saa hakimdai mtu kitu; Jumamosi ijayo wote watakuwepo palepale, hawajasogea hata hatua, na hilo ndilo lililokuwa tamu.

Nitataja jambo dogo ambalo kwa shabiki si dogo. Katika miaka yote tisa, mke wa Mainwaring hakuonekana uso. Tulisikia nyayo zake ghorofani, tukaona umbo lake likibonyeza kitanda cha juu ndani ya handaki la nyumbani, tukaona jinsi mumewe anavyonywea simu inapolia. Kila mtazamaji alijijengea mke wake. Filamu ikamleta, akavaa sare, akatoa amri. Felicity Montagu alimwigiza vizuri. Na ninaelewa nia: wanawake wa vita vile walifanya kazi kubwa, na kipindi cha zamani kiliwapa nafasi finyu mno. Mimi ni mwanamke, nalitaka hilo kwa moyo wote. Lakini waandikieni wanawake wale hadithi yao wenyewe. Kuwaazima ndani ya kichekesho cha wanaume wazee, ili mwishoni waje kuokoa mambo, ni kuwapa makombo.

Kwa hiyo kisirudiwe kabisa? Mwaka 2019 runinga moja ya huku ilifanya jambo la unyenyekevu. Vipindi vitatu vya mfululizo wa pili vilikuwa vimefutwa kwenye kanda na havijapatikana. Wakachukua maandishi yaleyale ya Perry na Croft, wakaweka waigizaji wapya, Kevin McNally akiwa Mainwaring, ukumbi uleule, urefu uleule. Hawakuongeza mlipuko wala jasusi. Ilikuwa kama wazee wa kwaya wanapofariki na vijana wakasimama kuimba wimbo uleule kwa sauti zao. Mzee wangu alivivumilia vyote vitatu bila kuomba chai.

Ila kama kweli kulikuwa na sababu ya kukitengeneza upya kwa watu wa leo, basi ilikuwepo, na filamu iliipita. Jones kila mara anasimulia alivyopigana Sudan chini ya Jenerali Kitchener wa Uingereza, na jinsi wale weusi "wasivyopenda" singe. Hadhira ilicheka, na mimi pia nilicheka mara ya kwanza kwa namna Dunn anavyoruka-ruka. Halafu nikatulia. Omdurman, Septemba 1898: Wasudani zaidi ya 10,000 waliuawa kwa asubuhi moja mbele ya bunduki za rashasha za Maxim, na upande wa Kitchener walikufa wasiofika 50. Mzee Jones anakumbuka singe. Mtu akiniuliza filamu ya leo ingefanya nini ambacho runinga ya 1968 haikuweza, ningemwambia imkalishe Jones usiku mmoja zamu ya kusubiri, amweleze Pike alichokiona kweli siku ile.

Siku nilipomwambia mama kwa simu kwamba huwa natazama kichekesho cha Home Guard, alikaa kimya hata nikadhani laini imekatika. "Homugadi?" akauliza. "Hao wanachekwa?" Kwetu Murang'a neno hilo halina kichekesho. Ni wale walioandikwa na serikali ya kikoloni kuanzia 1953 kupambana na Mau Mau, waliolinda vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, waliojua nani katoka na nani karudi. Bibi yangu alikuwa akishusha sauti akiwataja, hata miaka arobaini baadaye. Jina lilelile, ufalme uleule, na kati ya kuvunjwa kwa moja na kuundwa kwa lingine haikupita hata miaka kumi. Nilimweleza mama kwamba hawa ni wengine, wazee wa mjini waliosubiri Wajerumani. Akasema, "Sawa, mama, kama ni wazee wanaosubiri." Nilipomsimulia mzee wangu habari hiyo hakuongea kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nimletee ule mkebe wa biskuti, akaufungua, akakitazama kitambaa, akakirudisha.

Alifariki majira ya baridi. Ilipofika Mei nilipanda gari moshi nikaenda Thetford, mji ambao walipigia picha za nje kwa miaka mingi. Kando ya mto kuna benchi, na upande mmoja wa benchi amekaa Mainwaring wa shaba, aliyewekwa hapo 2010, nafasi imeachwa ya mtu wa pili. Familia moja ilikuwa ikipiga picha, mtoto amemkumbatia shingo. Walipoondoka nilikaa. Bata walipita. Hakuna aliyekuja kutoka upande wowote, na kapteni aliendelea kutazama mbele.