Saa za Mafunzo na Umri wa Mpango

Mpango wa mji ukishapitishwa na kuanza kujengwa, makosa yake huishi kuliko aliyeyafanya. Bonde la mafuriko lililogawanywa viwanja, au barabara kuu iliyopitishwa katikati ya mtaa na kuutenga na shule yake, hubaki kwa miongo, na gharama yake huwaangukia watu ambao aghalabu hawakuulizwa. Ndiyo maana vyama vya wataalamu wa mipango miji katika baadhi ya nchi vimewawekea wanachama wao sharti la kuendelea kujifunza muda wote wa utumishi wao. Nchini Marekani, mwenye cheti cha AICP, yaani taasisi ya wapangaji miji waliothibitishwa (American Institute of Certified Planners), hutakiwa kutimiza saa 32 za mafunzo kila miaka miwili, zikiwamo za maadili na za sheria. Nchini Uingereza, Royal Town Planning Institute, chama cha wapangaji miji, hudai angalau saa 50 katika muda huohuo. Kinachobishaniwa ni kama saa hizo zinapima kujifunza au zinapima mahudhurio tu.

Wanaolitetea sharti hili wana hoja nzito. Maarifa ya fani hii huchakaa, na wakati mwingine hugeuka kabisa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, miji mingi ya Marekani ilitenga maeneo makubwa kwa nyumba za familia moja pekee, na kumlazimisha kila mjenzi kutoa idadi fulani ya maegesho ya magari. Mambo hayo yalihesabiwa kuwa kazi safi ya kitaalamu. Mwaka 2017 Buffalo, mji wa jimbo la New York, iliondoa sharti hilo la maegesho katika mji mzima, na mwaka uliofuata baraza la mji wa Minneapolis likapitisha mpango unaoruhusu nyumba za familia tatu mahali palipokuwa pa familia moja. Mtaalamu aliyefunga vitabu siku ya mahafali angeendelea kutetea kwa moyo safi kanuni ambazo wenzake wameshaona madhara yake. Tena, na hili halisemwi vya kutosha, sharti humlinda mtumishi wa ngazi ya chini: bajeti inapobanwa, fedha za mafunzo ndizo hukatwa mwanzo, na ni vigumu kumnyima ruhusa mtu ambaye cheti chake kitafutwa asipohudhuria.

Hata hivyo, wakosoaji nao hawasemi ovyo. Saa ni kipimo rahisi kukagua, na kwa urahisi huohuo inaweza kujazwa bila kujifunza lolote, kwa kuwasha mhadhara wa mtandaoni na kuendelea na kazi nyingine. Mwajiri mkubwa humlipia mtaalamu wake kila kongamano, ilhali anayehudumia halmashauri ndogo au kikundi cha wakazi hujilipia mwenyewe, kwa hiyo mzigo huwa mzito zaidi kwa wale walio karibu zaidi na jamii. Linalonisumbua kuliko yote ni kwamba mafunzo hukimbilia yanayofundishika kwa saa moja, kama vile programu mpya ya kuchora ramani, na kuliacha nyuma lile gumu la kukaa na watu wenye hasira na kuwasikiliza bila kujitetea. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mwandishi wa Marekani wa masuala ya miji, alieleza ushirikishwaji wa wananchi kwa mfano wa ngazi yenye vidato vinane, akionyesha kwamba kuwaomba watu maoni bila kuwapa uwezo wa kubadili uamuzi ni kidato cha nne tu kutoka chini. Zaidi ya nusu karne baadaye, mikutano mingi ya hadhara bado inaishia hapo.

Kwa maoni yangu sharti libaki, ila kinachohesabiwa kibadilike. Sehemu kubwa ya saa hizo ingetolewa kwa mtaalamu anayerudi katika eneo alilolipanga miaka kumi iliyopita, akalinganisha alichokiahidi na kilichotokea, kisha akakiandika mbele ya wenzake. Watafiti walioirudia Buffalo walikuta kwamba majengo yaliyochanganya makazi na biashara yalijenga maegesho machache kuliko kanuni ya zamani ilivyotaka, ilhali miradi mingi ya matumizi ya aina moja iliendelea kujenga mengi hata bila kulazimishwa. Jibu la namna hiyo, lenye pande mbili, halipatikani ukumbini. Hupatikana kwa kurudi na kuhesabu. Na taarifa ya marejeo hayo isipokelewe na chama cha wataalamu kabla wakazi wa eneo lenyewe hawajaisoma na kuijibu.