Mapato na matumizi: kusomewa hakutoshi

Kila baada ya miezi mitatu kijiji kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu, na ajenda isiyokosekana ni mapato na matumizi. Uwe Mufindi, Kilolo, Rungwe au Wanging'ombe, utaratibu hautofautiani sana. Mwenyekiti anafungua mkutano, mtendaji wa kijiji anasimama na daftari, anasoma: salio lililopita, ushuru wa gulio, michango ya darasa, faini za ng'ombe walioingia shambani, mbao, saruji, posho ya fundi, nauli ya kwenda wilayani. Anasoma mbio. Aliyekaa nyuma anasikia nusu. Mzee mmoja ananyoosha mkono, anauliza saruji ilikuwa mifuko mingapi, anajibiwa, mkutano unahamia kwenye mengineyo. Kesho yake mzee huyohuyo akienda ofisini kuomba nakala ya kilekile kilichosomwa mbele ya kijiji kizima, mtendaji, kijana mdogo tu, anamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," kisha anamwambia, "hiyo mpaka kibali cha Mkurugenzi wa halmashauri."

Kisheria mzee hayuko pabaya. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka njia: raia anaandika ombi, ofisi ina hadi siku 30 za kumjibu, ikikataa inatakiwa itoe sababu. Sheria hiyohiyo imetaja yanayoweza kuzuiwa, kama usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea na faragha ya mtu. Idadi ya mifuko ya saruji iliyokwishatangazwa mkutanoni ni vigumu kuiingiza katika fungu lolote kati ya hayo.

Lakini watumishi nao wana yao, na si kila wanachosema ni kisingizio. Mtendaji wa kata leo anakusanya michango, kesho anafuatilia wanafunzi watoro, keshokutwa ana ugeni kutoka wilayani, na jioni anasuluhisha waliogombania mpaka wa shamba. Ofisi yake ni kabati moja na kaunta buku kadhaa. Mashine ya kutoa kopi iko stendi, kwa fedha ya nani haijulikani. Watu kumi wakileta maombi kumi wiki moja, kazi nyingine zote zinalala. Hili mwananchi akubaliane nalo: kopi alipie mwenyewe, na asidai miaka kumi ya nyaraka kwa siku moja.

Wana hoja ya pili, nayo ni siasa. Uchaguzi ukikaribia, ukurasa mmoja hupigwa picha, mstari mmoja ukakatwa na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp: fundi kalipwa laki nane! Haionekani kwamba ni malipo ya miezi minne. Hofu hiyo naielewa, ila dawa yake naiona kinyume na wanavyoiona wao. Kipande kilichokatwa kinapata nguvu kwa sababu ukurasa mzima haujawahi kubandikwa mahali. Ungekuwa kwenye ubao wa matangazo tangu Jumatatu, nani angeshtuka Alhamisi?

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Sheria ya 2016 inamtisha kwa kifungo anayetoa taarifa iliyozuiliwa, na mtumishi anakumbushwa kila mara wajibu wake wa kutunza siri za ofisi. Anayekataa bila sababu ya msingi mara nyingi hapatwi na lolote. Akitoa kimakosa, ana kesi. Akikataa kimakosa, ana mzee mmoja aliyenuna. Ukiwa wewe ndiye kijana wa miaka 27 uliyepangiwa kata ya mbali huko Makete, utachagua lipi? Mzee naye akiamua kukata rufaa, anaanza na mkuu wa taasisi, kisha Waziri. Siku 30 za kwanza, ukiongeza za mapitio na rufaa, na robo mwaka imekwisha. Mkutano mwingine unaitishwa, daftari lingine linasomwa mbio.

Kuna wanaosema mwananchi akitaka hesabu asome ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ni kweli, kila mwaka inapowasilishwa bungeni mwezi wa Aprili inakuwa wazi, na ile ya serikali za mitaa inasomwa sana. Inakagua halmashauri, inatoa picha kubwa. Darasa la kitongoji chenu huwezi kulikuta humo.

Kinachokwamisha mjadala huu ni kuweka nyaraka zote kwenye kapu moja, kisha kubishana kama kapu lifunguliwe au lifungwe. Chukua ushuru wa mazao. Tangu 2017 ni asilimia 2 kwa mazao ya chakula na asilimia 3 kwa ya biashara. Tuseme lori limepakia gunia 100 za mahindi huko Mbozi na gunia limenunuliwa kwa shilingi 60,000. Mzigo una thamani ya shilingi milioni 6, ushuru ni 120,000. Mkulima anayeona malori yakipita geti la ushuru msimu mzima anaweza kukadiria mwenyewe kinachotakiwa kuwa kimekusanywa. Mfanyabiashara, kwa upande wake, hataki mshindani ajue kapakia nini na kwa bei gani, na ana haki hiyo. Jumla ya makusanyo ya kila geti kwa kila mwezi inamtosha mkulima bila kumvua nguo mfanyabiashara. Vivyo hivyo kwa zabuni: makisio ya gharama yafichwe mpaka zabuni zifunguliwe, lakini mkataba ukishasainiwa sioni siri iliyobaki kwenye bei ya jumla.

Mikopo ya asilimia 10 ni ngumu zaidi. Halmashauri inatenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ukarejea mwaka wa fedha 2024/25. Mama anayeuza ndizi Uyole, ambaye kikundi chake kimeomba mara mbili bila kupata, ana haki ya kujua nani walipata. Naunga mkono jina la kikundi, kata, kiasi na marejesho vibandikwe. Namba za simu, namba za vitambulisho na aina ya ulemavu wa mtu, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikutungwa bure. Ila nakiri kwamba mstari huu hauchoreki vizuri hivyo. Kikundi cha watu watano katika mtaa mdogo, ukitaja jina lake umewataja wote, na aliyeshindwa kulipa kwa sababu mtoto aliugua atanyooshewa kidole sokoni. Hata hivyo fedha ni ya umma, na vikundi hewa vinaishi kwenye orodha zisizoonwa na majirani. Hapo nachagua kubandika, kwa moyo mzito.

Kwenye ardhi sina uzito huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kwa hiyo uthibitisho wa kila ekari aliyopewa mgeni kuotesha miti Mufindi au parachichi Njombe ni muhtasari wa mkutano na karatasi ya mahudhurio iliyoambatishwa. Malalamiko ya kawaida vijijini ni kwamba sahihi zilikusanywa kwa ajenda ya maji, zikaja kuonekana kwenye ajenda ya ardhi. Njia ya kulithibitisha au kulikanusha ni moja tu, mtu aione karatasi. Anayezuia muhtasari wa mkutano wa hadhara kwa jina la faragha anatania: watu walikaa pale mchana kweupe. Tena sheria hiyohiyo, mashamba yanapohakikiwa kwa ajili ya hati za kimila, inataka kumbukumbu za awali zibandikwe ili mwenye pingamizi aseme. Majina ya watu na mipaka yao huonekana hadharani, kwa sababu kosa likifichwa litakuja kuzaa kesi.

Jiji la Mbeya lina mfano wake mkubwa. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, soko jipya likajengwa kwa mkopo wa benki. Mwenye kizimba anayelalamikia pango hawezi kujua kama anaonewa au analipia deni bila kuona ratiba ya marejesho. Mikataba ya benki huwa na vifungu vya usiri, sawa. Kiasi kilichobaki kulipwa hakimdhuru mtu.

Kama ingekuwa juu yangu, ningeanza na jambo dogo ambalo halihitaji sheria mpya. Mkurugenzi wa halmashauri aandike waraka mmoja kwa watendaji wote: taarifa ikishasomwa mkutanoni, kibali kimekwishatoka. Nakala moja ubaoni, moja kwenye jalada, na mwenye kutaka yake apige picha kwa simu. Kijana wa Makete atakuwa na karatasi ya kujikinga nayo, na hapo ndipo tutajua nani alikuwa anaogopa na nani alikuwa anaficha.

Kimebaki kiporo cha uhamisho. Mtendaji akihamishwa ghafla, mara nyingi makabidhiano yanafanywa kwa maneno, na kaunta buku za miaka mitatu zinaondoka kwenye begi lake au zinabaki nyumba aliyopanga. Mzee anayekuja na barua yake iliyoandikwa vizuri anakuta mtendaji mpya anayesema kweli tupu: haoni kitu kabatini. Sheria ya 2016 inampa siku 30 za kujibu, na jibu hilo analo siku ya kwanza. Orodha ya nyaraka zilizokabidhiwa, yenye sahihi za anayeondoka, anayeingia na mwenyekiti, ingebandikwa ubao uleule, wiki ileile.