Mti Uliosimama Mlangoni: Jumba la Manet pale Rueil

Anayeiona "Nyumba ya Rueil", picha ya mchoraji Mfaransa Édouard Manet, kwa mara ya kwanza huulalamikia mti. Jumba zuri la mashambani, kuta za manjano, madirisha ya mbao yenye buluu iliyopauka, kibaraza cha nguzo, halafu shina linakuja kusimama katikati, mbele ya mlango! Maoni yangu: ung'oe mti huo, utabakiwa na picha ya dalali wa nyumba.

Manet aliichora kiangazi cha 1882 huko Rueil, magharibi mwa Paris, kwenye nyumba ya kupanga. Mguu ulikuwa unamsumbua na hakuweza kwenda mbali, basi akachora alichokiona akiwa bustanini. Aprili 1883 akafariki. Picha ziko mbili: ya kulala (pana kuliko urefu) iko jumba la makumbusho la Alte Nationalgalerie, Berlin, na ya kusimama (ndefu kuliko upana) iko National Gallery of Victoria, Melbourne. (Kuna watakaonikumbusha kwamba hakushiriki hata onyesho moja kati ya yale 8 ya Waimpresheni, wachoraji wa mwanga na hewa ya nje. Sawa, lakini jua lile ni la kwao.)

Wanaoiga picha hii huharibu kwanza ukuta. Anza na nyeupe sehemu 4 kwa manjano ya udongo sehemu 1. Kama nyeupe yako ni ya titani, ambayo enzi za Manet haikuwepo madukani, punguza nyeupe hadi sehemu 2, kwa sababu ina nguvu na huugeuza ukuta kuwa chokaa baridi. Kisha kivuli. Usiguse nyeusi: nyeusi ikikutana na manjano huzaa kijani, na ukuta unaonekana umeota ukungu. Chukua altramarini, ile buluu iliyokolea, tia nyekundu kidogo ipate zambarau, halafu chovya ncha ya brashi kwenye rangi ileile ya ukuta ili kivuli na mwanga viwe ndugu.

Shina lisipakwe juu ya ukuta mbichi. Brashi hukokota manjano ya chini, na baada ya mipigo mitatu una tope. Acha nafasi yake tangu mwanzo, ulete ukuta mpaka ukingoni mwa shina, kingo zikutane bila kusuguliwa. Madirisha nayo, mpigo mmoja au miwili kila ubao. Ukianza kuhesabu vipande vya mbao, hiyo ni kazi ya fundi seremala.

Na shina usilihamishe. Ile mistari ya theluthi inayogawa kioo cha kamera ya simu mara tatu itakushawishi ulisukume pembeni. Ukilisukuma, nguzo zinajitokeza zote, jicho linakwenda moja kwa moja mlangoni, na nyasi zote zile ulizozipaka mbele hakuna anayezitazama tena.