Kisanduku cha Mwaka 1999

Ukitaka kumkosesha mzee wa watu raha, muulize kikohozi chake kilianza mwaka gani. Atakwambia zamani. Ukimbana, atakwambia zamani sana. Na dodoso halina sehemu ya zamani sana. Ndiyo maana wenye utafiti wetu, uliohusu vifua vya waokota makopo na vyuma chakavu pale dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, walitukabidhi kalenda ya maisha.

Kwa asiyeijua, ni karatasi kubwa iliyojaa visanduku. Juu imepangwa miaka. Pembeni, kushuka chini, yamepangwa mambo ya mtu: aliishi wapi, aliishi na nani, alifanya kazi gani, watoto walizaliwa lini, aliugua nini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliieleza kwa kirefu mwaka 1988, na wazo lenyewe lina akili. Mtu hakumbuki tarehe, anakumbuka jambo kwa jambo. Mwaka aliougua haujui, lakini anajua wakati ule alikuwa amepanga chumba gani, na chumba hicho anakikumbuka kwa mtoto aliyezaliwa humo. Kwa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, asiye na kadi ya kliniki, ambaye hajawahi kushika mkataba wa kazi mkononi, hilo ndilo faili pekee alilo nalo.

Juu kabisa tulichapa matukio ambayo kila mtu anayajua: Vita vya Kagera 1978, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine 1984, kuzama kwa meli ya MV Bukoba 1996, mvua za El Niño 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere 1999, mabomu ya ghala la jeshi yaliyolipuka Mbagala 2009, mabomu ya Gongo la Mboto 2011. Hayo ya Gongo la Mboto ukiyataja Pugu jiandae, maana hakuna anayekujibu kabla hajakuonyesha alikimbilia upande gani na alikuwa amevaa nini.

Kwenye semina tulisisitiziwa faragha. Mshiriki awe peke yake na mdadisi, mahali tulivu. Aliyeandika hivyo hajafika dampo. Pale kuna malori, mbuzi, watoto, moshi, na upepo unaotembea na mifuko ya plastiki. Karatasi yetu ilikuwa pana kama mkeka wa kulalia watu wawili. Ukiweka jiwe kona hii, kona ile inainuka. Mzee niliyepangiwa siku hiyo akakanyaga kona ya kwanza kwa buti lake la mpira. Mimi nikapiga goti juu ya kona ya pili. Kona ya tatu tukamwomba kijana aliyekuwa anasubiri lori. Na kona ya nne, kwa wema wake, akaja kuishika mke wa mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi yako, mimi nimekuja kushika karatasi tu."

Tulianza vizuri mno. Mzee alikuwa msemaji, na pale alipokwama mama alimsaidia. Niliuliza walianza lini kazi ya kuokota, na nikaona matukio yangu yaliyochapwa kwa rangi hayana kazi. Wao wana kalenda yao. Kuna enzi za Tabata, dampo ambalo wakazi walilishtaki mahakamani mwishoni mwa miaka ya 80 kwa sababu ya moshi na harufu. Kuna enzi za Vingunguti. Kuna enzi za Mtoni. Halafu Pugu. "Taka zikihama na sisi tunahama," mama akasema, na nikayaandika majina hayo kwa penseli juu ya mabomu na meli. Baada ya hapo kila kitu kilikaa mahali pake: mtoto wa kwanza Tabata, chumba kilichobomoka na El Niño, mtoto wa mwisho Vingunguti. Kama kuna mtu anapanga utafiti kwa watu wa aina hii, nampa ushauri wa bure: aanze kwa kuwauliza wenyewe wanahesabuje, ndipo aende kwa mchapishaji.

Tukafika kwenye kikohozi.

"Mzee, kilianza kabla ya mabomu ya Gongo la Mboto au baada?"

"Kabla."

"Kabla ya Mbagala?"

"Kabla, mjukuu wangu. Mbali huko."

"Mwalimu anafariki, ulikuwa umeshaanza kukohoa?"

Uso wa mzee ukachangamka. Tulifundishwa kuisubiri hali hiyo: jambo moja likishika, mengine yanafuata yenyewe bila kuvutwa.

"Mwalimu anafariki mimi nimelazwa," akasema. "Naona kama jana. Redio iko dirishani kwa muuguzi. Rais Mkapa anatangaza, wodi nzima kimya, wanasema amefia London. Mimi kifua kimebana kwa vumbi la mkonge, natoka kiwandani juzi yake tu, hata kulia nashindwa."

Nikachukua stika nyekundu nikaibandika, Oktoba 1999, mstari wa magonjwa. Moyoni nilikuwa napiga vigelegele. Mkonge! Vumbi la kiwanda cha mkonge ni adui wa mapafu anayejulikana, kwa hiyo moshi wa taka hakuwa mshitakiwa peke yake katika kesi ya kifua hiki. Habari ya namna hiyo ndiyo tuliyotumwa kuitafuta, na dodoso la kawaida lisingeipata hata kwa dawa.

Dodoso likanielekeza kwenye swali linalofuata. Nikalisoma neno kwa neno, kama tulivyoagizwa: "Wakati huo ulikuwa unaishi wapi, na ulikuwa unaishi na nani?"

Kona ya nne ikatikisika.

"Mkonge?" mama akauliza. "Mkonge wa wapi?"

Mzee akataja mkoa. Mimi sitautaja, nimekula kiapo cha usiri. Mkonge unalimwa Tanga na unalimwa Morogoro, kisieni wenyewe.

"Subiri kwanza," mama akasema, taratibu kabisa. "Mwalimu anafariki mimi nina mtoto mchanga Vingunguti. Na wewe uko Kondoa, unagawana shamba la marehemu baba yako."

Kijana wa kona ya tatu akaacha kutazama barabara ya malori.

Hii ndiyo sifa ya kalenda ya maisha ambayo semina iliitaja kwa furaha bila kufikiria ndoa za watu: mistari inasomwa kwa pamoja. Mtu akidanganya kwenye mstari wa kazi, mstari wa watoto unamsuta. Na kisanduku kitupu kinaonekana kutoka mbali. Mama alikuwa ameinama kabisa sasa, kidole kinatembea juu ya mwaka 1999 kutoka mstari hadi mstari, kwa umakini ambao wasimamizi wetu wangelipa fedha kuupata.

Wataalamu wanaonya kwamba watu wana tabia ya kuvuta mambo ya zamani yawe ya karibuni. Mzee akafanya kinyume.

"Labda siyo Mwalimu," akasema. "Nadhani ni Sokoine."

Miaka 15 nyuma, kwa pumzi moja! Lakini hesabu yake ilikuwa nzuri, mtu apewe haki yake. Mwaka 1984 alikuwa hajaoa. Mwaka salama kabisa.

"Sokoine alipata ajali ya gari, Morogoro," kijana akasema. "Sasa aliyefia London ni nani?"

"Nilichanganya."

"Na Mkapa alitangaza kama nani?" Huyo alikuwa mama mwingine, na gunia lake la chupa kichwani. Sikumwona anafika. Nilipoinua macho niliona hayuko peke yake. Faragha yetu ilikuwa imeshafika watu wa kutosha kuanzisha tawi la chama.

"Mwaka wa Sokoine rais ni Mwalimu mwenyewe," mke wa mzee akasema. "Alijitangaza mwenyewe kwamba amekufa?"

Watu wakacheka mpaka mbuzi wakasogea. Mzee hakucheka. Alinigeukia na heshima zake zote.

"Mjukuu wangu, ile karatasi uliyonisomea asubuhi kabla sijaweka dole. Ilisemaje kuhusu kuacha?"

"Inasema unaweza kujitoa wakati wowote, mzee. Bila kutoa sababu na bila kuadhibiwa."

"Bila kuadhibiwa," akarudia, huku anamwangalia mkewe. "Umesikia? Basi nimejitoa."

Akanyanyua buti.

Upepo ulikuwa unasubiri hilo tu. Karatasi ikainuka upande wa mzee, ikanipiga usoni, ikapita juu ya mama mwenye gunia na kuelekea kwenye lundo jipya ambako lori lilikuwa ndiyo kwanza linainua tela. Kijana akaikimbilia, akaitoa katikati ya maganda ya ndizi, akaipangusa kwa kiganja. "Nyeupe ina bei hii," akasema, "lakini chukua." El Niño ilikuwa imechanika. Stika nyekundu ilikuwa bado imeng'ang'ania pale pale, Oktoba 1999.

Nikampigia msimamizi.

"Amejitoa? Basi taarifa zake zote zifutwe."

"Hata ya mkonge?"

"Mkonge gani?"

Nikamweleza. Upande wa pili kukawa kimya, halafu nikasikia mtu anavuta pumzi ndefu. "Hata ya mkonge," akasema. Na ni haki, fomu ya ridhaa siyo mapambo, mtu akisema ametoka ametoka. Lakini niliibandua ile stika kwa kucha pole pole sana.

Nilikuwa nakunja vitu vyangu nilipoona mama hajaondoka. Alikuwa amekusanya vipande vinne vya chuma chakavu, gia za gari nadhani, vizito kweli kweli, anavipanga chini kwa pembe nne.

"Leta karatasi mpya," akasema. "Mimi sijajitoa. Mimi hata sijasaini."

Nikamsomea fomu yote, akaweka dole gumba. Hakuna upepo ulioweza kuhamisha zile gia. Mzee alikuwa amejishughulisha kwenye mizani ya vyuma, hana cha kupima, anapima tu. Tulipita Tabata, tukapita mvua, tukafika Vingunguti.

"Mwaka 1999, mama. Ulikuwa unaishi na nani?"

"Andika: peke yangu na watoto." Akasubiri nimalize. "Umeandika? Sasa hapo pembeni acha nafasi, usijaze chochote. Leo usiku kuna mtu ananigawia shamba la Kondoa, kesho ukija nitakuwa na maelezo kamili."