Maji hayayeyushi kitambi, jamani

Jumanne ya wiki juzi simu yangu iliita saa tisa usiku. Alikuwa mtoto wa mama mdogo, analia. "Dada, njoo. Mama anaweweseka, anaongea na watu waliokufa."

Nilifika Mbagala kwa bajaji kabla ya adhana ya alfajiri. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kochi, kanga ameikandamiza mdomoni kwa kichefuchefu, ananitazama kama mtu aliyewahi kuniona mahali lakini hakumbuki wapi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika kwa kuniita jina la bibi yetu, ambaye tulimzika mwaka 2009.

Chini ya meza kulikuwa na dumu la mafuta ya kula la lita tano, limeoshwa likatakata. Ubavuni lilikuwa limechorwa mistari kwa kalamu ya wino mzito, na kila mstari una saa yake: saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili, saa nne, saa sita, hivyo hivyo mpaka mstari wa chini kabisa, saa tatu usiku. Hapo aliandika kwa herufi kubwa: MALIZA. Alikuwa amemaliza. Siku tisa mfululizo alikuwa akimaliza.

Hospitalini daktari kijana, mpole, aliuliza maswali mawili tu kabla ya kupeleka damu maabara. La kwanza: mama anakunywa maji kiasi gani kwa siku? La pili: anatumia dawa gani za presha? Mojawapo ya dawa zake ni ile ya kukojosha, anayoitumia miaka mingi bila shida. Majibu yalirudi sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, ikiwa 121. Mtu mzima anatakiwa awe kati ya 135 na 145. Dawa ile humfanya mtu apoteze sodiamu kwenye mkojo, na wanawake wenye umri wake ndio huathirika zaidi. Ukimwaga lita tano za maji juu yake, chumvi kidogo iliyobaki kwenye damu inazidi kuzimuliwa, maji yanaingia kwenye seli, ubongo unavimba. Ndiyo maana alikuwa akiongea na bibi.

Yuko nyumbani sasa, anaendelea vizuri. Mimi ndiye sijatulia, kwa sababu nimeuona ujumbe uliomfanya anywe hivyo. Uko kwenye simu yake, kwenye kundi la wanawake wanaojiandaa na harusi ya mtoto wa mwenzao. Unasema: kunywa lita tano kwa siku 21, maji yatayeyusha mafuta ya tumboni na kuyatoa kwa njia ya mkojo. Mwisho kuna namba ya kulipia "mwongozo kamili". Mama mdogo ana miaka 61, hana kitambi cha kumtisha mtu, alitaka tu gauni la harusi limkae vizuri.

Mafuta hayatoki kwa mkojo. Naomba niliseme hili taratibu, kwa sababu wanaolirudia ni watu ninaowapenda. Mwili ukiyatumia mafuta unayachoma kwa oksijeni, na kinachobaki ni hewa ya ukaa na maji. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown walipiga hesabu hii kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ: ukipoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya ukaa, na 1.6 zinabaki kuwa maji. Yaani sehemu kubwa ya kitambi hutoka puani na mdomoni, kwa kupumua. Ukiongeza maji kwenye dumu huongezi moto wa kuyachoma. Kinachouongeza ni mwili kutumia nguvu nyingi kuliko inayoingia, basi.

Na zile kilo tatu nne ambazo watu wanatangaza kwenye kundi baada ya wiki ya kwanza? Wengi wao wanakuwa wameacha pia ugali, wali na chapati. Mwili huhifadhi akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga akiba inaliwa, maji yake yanatoka, mzani unashuka. Siku ukila pilau ya harusi yanarudi, na mtu anajilaumu usiku kucha kwa kosa ambalo hakulifanya.

Maji ya moto na ndimu asubuhi: kama unayapenda, kunywa, lakini ndimu haina kisu cha kukata mafuta. Maji ya baridi kugandisha mafuta tumboni: hayagandishi, kwa sababu yanapata joto la mwili muda mfupi baada ya kuyameza. Wapo pia wanaosema kinyume, kwamba ya baridi yanaunguza kalori kwa vile mwili unayapasha. Ni kweli unayapasha. Nusu lita kutoka nyuzi 22 hadi 37 inagharimu kalori saba na nusu, chini ya nusu kijiko cha sukari.

Nitakubali jambo moja, japo kwa hasira niliyonayo nisingependa. Maji kabla ya kula yanasaidia kidogo, na yamepimwa. Huko Virginia, Marekani, watafiti waliwachukua watu 48 wa kati ya miaka 55 na 75, wote wakapunguziwa chakula, lakini nusu yao wakanywa nusu lita ya maji kabla ya kila mlo. Matokeo yalitoka mwaka 2010: baada ya wiki 12 wanywaji walikuwa wamepungua takriban kilo mbili zaidi ya wenzao. Birmingham, Uingereza, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 84 walifuatiliwa kwa muda huohuo, na waliopangiwa maji nusu saa kabla ya kula walipungua kilo 1.3 zaidi. Sawa. Lakini tazama kiasi chenyewe: nusu lita mara tatu, lita moja na nusu kwa siku. Dumu la mama mdogo ni zaidi ya mara tatu ya hapo.

Sasa nije kwenye linalonikera kuliko yote.

Siku aliyoruhusiwa nilikaa naye jikoni nikamwomba anisimulie siku yake ya kawaida, anachokunywa tu, chakula tukiweke pembeni. Chai ya maziwa asubuhi, vijiko vitatu vya sukari. Saa nne jirani akija, soda. Mchana juisi ya ukwaju, anaitia sukari mwenyewe, kama vijiko vinne kwa glasi. Alasiri mgeni mwingine, soda nyingine. Jioni chai tena, vitatu. Nikamuuliza kama alipunguza chochote kati ya hivyo kwenye zile siku tisa za dumu. Akanishangaa. "Ujumbe haukusema hivyo, mwanangu."

Haukusema! Lita tano zilipita juu ya sukari yote ileile. Hebu tuihesabu. Soda ya kola ya chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai. Soda mbili, kumi na nane. Chai mbili, sita. Juisi, vinne. Jumla vijiko 28, gramu 112 hivi, karibu kalori 450 kwa siku, kabla hajagusa hata tonge. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na unashauri ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja tayari imeshavuka hapo.

Na sukari ya kunywa ni mbaya kwa namna yake, kwa sababu tumbo haliihesabu. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwapa watu 15 kalori 450 za ziada kila siku, kwa wiki nne zikiwa pipi laini za kutafuna, na kwa wiki nne nyingine zikiwa soda. Walipokula pipi, bila kuambiwa, walipunguza vyakula vingine wakabaki na uzito wao. Walipokunywa soda hawakupunguza kitu, uzito ukapanda. Kalori 450! Nilipoisoma namba hiyo niliiona meza ya mama mdogo, na chupa tupu za soda zimejipanga chini ya sinki.

Kazi kubwa ya maji katika kupunguza uzito iko hapo. Yakae kwenye glasi ambayo ingekaa soda. Hayahitaji kufikia lita tano, hayahitaji saa wala ndimu. Mama mdogo angeacha zile soda mbili akanywa maji mahali pake, angekuwa ameondoa kalori karibu 300 kila siku bila kulala njaa na bila kulazwa. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna mwongozo wa kuuza hapo.

Najua kwa nini ni vigumu, sisemi kama mtu niliyetoka mbali. Kwetu mgeni hapewi maji. Mgeni akiingia mtoto anatumwa mbio kwa mangi na chupa tupu mkononi, na mwenye nyumba anasema, "Karibu soda." Ukimletea maji matupu unaonekana umempokea vibaya, au nyumbani hakuna kitu. Kikaoni ni kreti, msibani ni kreti. Mama mdogo alipotoka hospitalini majirani walikuja kumjulia hali, na kila mmoja, kwa mapenzi ya kweli, alibeba mfuko wenye juisi za boksi. Nilizihesabu mezani: boksi kumi na moja. Ni ukarimu, na sikuwa na moyo wa kumkatalia hata mmoja. Lakini nilisimama pale nikafikiri kwamba heshima yetu tumeiweka kwenye sukari, wakati bibi yetu, yuleyule aliyekuwa akiitwa usiku ule, hakuwa hivyo. Yeye alikuwa na mtungi wa udongo pembeni ya mlango, na siku ya wageni aliufukiza kwa ubani kabla ya kuutia maji. Mgeni alipewa kikombe, akanywa, akasifu. Ile harufu naikumbuka mpaka leo. Maji yale yalikuwa heshima tosha.

Kuna na suala la maji yenyewe kupatikana. Bomba la mtaani kwao hutoka siku mbili kwa wiki, ya kunywa lazima yachemshwe, mkaa una bei, na ya chupa dukani yanakaribiana bei na soda. Kumwambia mtu "kunywa maji tu" kana kwamba ni jambo jepesi ni kumwonea. Hilo nalo linataka makala yake.

Waandishi wa jumbe hizi nawaomba kitu kimoja. Figo za mtu mzima mwenye afya hutoa takriban lita moja kwa saa zikijitahidi sana. Hata vijana wanaokimbia hulemewa: kwenye mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Sasa huo ujumbe wenu unawafikia mama zetu wenye presha, wenye moyo uliopanuka, wenye figo zilizochoka, na hamuulizi mtu anatumia dawa gani. Muulizeni. Au acheni. Na wewe unayesoma, kama mama yako au shangazi yako ana dawa ya kukojosha kwenye mfuko wake wa dawa, mpigie leo umuulize anakunywa maji kiasi gani na nani kamwambia.

Jumapili nilikwenda tena. Harusi ilishapita, gauni lilimkaa vizuri tu. Nilipoingia alimwita mjukuu, mtoto akasimama mlangoni akisubiri hela ya soda. Mama mdogo akamwambia, "Leta jagi." Maji yalikuwa yamechemshwa na kupoa, ametia majani ya mnanaa kutoka kwenye kopo la dirishani. Alinitazama nikinywa mpaka nikamaliza glasi, kisha akauliza, kwa wasiwasi kabisa, kama nimejisikia kupokewa vibaya. Nikamwambia anitilie nyingine.

Dumu liko uani, karibu na tuta la mchicha. Amejaribu kuisugua ile mistari kwa mchanga, haijatoka. Anamwagilia nalo jioni, mpaka kwenye mstari wa saa sita, maana likijaa ni zito na mgongo unamsumbua.