Access sio Excel jamani

Hii ya kuambiwa kila siku "Access si ni Excel tu" imenichosha kweli. Sio kitu kimoja! Access ni programu ya Microsoft ya kutengeneza database, yaani kumbukumbu zilizopangwa kwenye majedwali yanayounganishwa. Kwenye Excel jina la mwanachama linaandikwa mara 40, kila mtu na spelingi yake, kwenye database unaliandika mara moja kwenye jedwali lake, malipo na mahudhurio yote yanalifuata kwa namba ya mwanachama, ukirekebisha pale limerekebishika kote. Alafu kuna wale wa "hiyo ni ya mtu mmoja", hapana, kikomo chake ni watumiaji 255 kwa pamoja, sawa huwezi kufika huko ikabaki na spidi, ila ofisi ndogo inatosha kabisa mradi uigawe, faili la data likae kwenye seva na kila mtu awe na nakala yake ya fomu (kurasa za kujazia data) kwenye kompyuta yake. Watu hawafanyi hivyo, wanalitupia kwenye folda ya mtandaoni ya Dropbox wote wanalifungua, likiharibika eti programu mbovu. Na hiyo GB 2 mnayoiogopa, yaani ukubwa wa mwisho wa faili la Access, maandishi matupu ya kikundi kidogo hayaijazi leo wala kesho, mnaijaza wenyewe kwa kubandika mapicha ndani! Na bakapu haijifanyi yenyewe, tafadhali.