Rangi Mpya na Hewa ya Chumvi

Kishikizo cha kalamu yangu ya buluu kilianza kuota ukijani kabla kusi haijamalizika. Nilikuwa nimeinunua mpya, toleo la idadi maalumu, ikiwa na nambari iliyochongwa chini ya kifuniko na kisanduku kizuri kuliko mkoba wangu wa kazini, nikawa naiweka juu ya meza iliyo karibu na dirisha linaloelekea gati, hapa Lamu. Dhahabu iliyopakwa juu ya shaba ilikuwa nyembamba mno, na hewa ya bahari haikuchukua muda kupata njia.

Tangu hapo, kila ninapoona kalamu mpya ya wino ikitangaziwa wakusanyaji, swali langu huwa moja: rangi hii iko ndani ya kalamu au iko juu yake tu? Nikisema kweli, sehemu kubwa ya kinachoitwa kipya ni kalamu ile ile iliyobadilishwa rangi. Lamy Safari, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1980, hutolewa kwa rangi mpya kila mwaka, nami sina ugomvi nayo, kwa sababu plastiki yake ina rangi hadi ndani, bei yake si ya kutisha, na tangu mwanzo ilikusudiwa wanafunzi. Kinachonikera ni kalamu za bei ghali za shaba zilizopakwa weusi usiong'aa, nibu, yaani ncha ya kuandikia, nayo ikatiwa weusi huo huo, kisha mnunuzi akaambiwa kwamba amepata kitu adimu. Kalamu ya namna hiyo ikigongana na funguo mfukoni siku chache tu, shaba huchungulia pembeni mwa kifuniko.

Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja, fundi wa kuchonga milango, kalamu mbili kwa pamoja. Aliipiga ya kwanza kwa ukucha, akaigeuza mwangani, akasema, "Mwanangu, hini imepakwa." Ya pili ilikuwa Pelikan yenye mistari ya kijani, mfano wa kalamu ambazo kampuni hiyo ilianza kuzitengeneza mwaka wa 1950. Mzee akaizungusha polepole, akaona kwamba mistari haikuchorwa juu bali ni tabaka za mada yenyewe zilizounganishwa, na kwa hiyo mkwaruzo unaweza kusuguliwa bila mstari kufutika. Hakuuliza bei. Aliuliza kama naye anaweza kupata kipande cha mada hiyo.

Rangi inayopakwa haikosi heshima yake, lakini heshima hiyo hutokana na kazi. Wajapani wana urushi, utomvu wa mti unaopakwa tabaka juu ya tabaka, na ambao haukauki kwa jua kama rangi ya mashua, bali hugandia mahali penye joto na unyevu. Juu yake fundi hunyunyiza unga wa dhahabu ungali mbichi, au hupachika vipande vya ganda la chaza. Kampuni ya Namiki ilianza kupamba kalamu zake hivyo katika miaka ya 1920, na Dunhill ya London ikaziuza Ulaya. Sijawahi kumiliki hata moja, wala mshahara wangu hauelekei huko. Ila mtu aliyekulia mbele ya viti vya enzi vya mpingo vilivyopachikwa vipande vya pembe haoni taabu kuelewa kwa nini kalamu moja ichukue miezi.

Umalizio wa uso wa kalamu ninaoupenda zaidi ya yote haukupakwa kitu. Lamy 2000, iliyobuniwa na Gerd A. Müller na kutolewa mwaka wa 1966, ina mwili wa Makrolon, plastiki ngumu, uliosuguliwa mpaka ukawa na mikwaruzo myembamba kama nyuzi. Ukiitumia, mahali vidole vinaposhika huanza kung'aa, kwingine kukabaki hafifu, hata baada ya miaka michache kalamu mbili zilizotoka kiwandani siku moja hazifanani tena. Mwaka wa 2019 ilitoka ya buluu, kalamu 1,919 tu, kwa kumbukumbu ya mwaka ambao Bauhaus, shule ya usanifu ya Ujerumani, ilianzishwa. Naamini nyingi ya hizo bado zimo kisandukuni bila kuonja wino, kwa hiyo hazijafanya lile jambo moja ambalo mwili wake unalijua.

Ijayo kwangu itakuwa ya eboniti, raba iliyopikwa pamoja na salfa hadi ikawa ngumu, nyeusi, bila dhahabu popote. Najua jua huigeuza kuwa ya kahawia na kwamba haifai kulowekwa majini. Nimeshaiandalia kidaka katika ukuta wa ndani, mbali na lile dirisha.